Jibu kwa msomaji: Bustani hai ya mboga nyumbani ianze na nini?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba ana eneo la mita 3 kwa 4 nyuma ya nyumba yake, na msimu uliopita alijaribu kulima spinachi, kabichi na nyanya bila mbolea ya viwandani wala dawa yoyote. Alichimba, akachanganya maranda mengi ya mbao kwenye udongo ili uwe mwepesi, kisha akapanda. Spinachi ilidumaa na kuwa njano, kabichi zilitobolewa na viwavi, na nyanya, ambazo ndizo zilizompa matumaini makubwa, zilianza kuoza kitako kabla ya kuiva. Sasa ameshauriwa anunue mbolea ya maji iliyoandikwa kuwa ni ya asili pamoja na dawa ya asili ya wadudu. Anauliza kipi kitangulie, na kama kweli mtu anaweza kupata mboga za maana nyumbani kwa njia hii.

Ndugu yangu, kwa sasa usinunue chochote kati ya hivyo viwili. Mboga za maana utazipata, sina shaka na hilo, lakini bustani yako haikushindwa kwa kukosa kitu cha kwenye chupa. Kilimo hai mara nyingi huelezwa kwa yale kinachoyakataa, na mtu akisikia hivyo hudhani kwamba akishaacha mbolea za viwandani na sumu, basi tayari analima kwa njia hiyo. Kuacha ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni kuujenga udongo ili uweze kufanya yale yaliyokuwa yakifanywa na mbolea ya viwandani, na kazi hiyo hufanywa na viumbe hai wanaohitaji chakula, maji, hewa na muda. Matatizo yako yote matatu yana maelezo, na nitayapitia moja baada ya jingine, kwa kuwa ndiyo yatakayokuonyesha pa kuanzia.

Spinachi ndiyo inayoeleza mengi zaidi. Maranda ya mbao yana kaboni nyingi mno yakilinganishwa na naitrojeni iliyomo (naitrojeni ni kirutubisho kinachokuza majani), kiasi cha mamia ya sehemu za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, ilhali bakteria na kuvu wanaoozesha mabaki hufanya kazi vizuri wanapopata takribani sehemu 25 hadi 30 kwa moja. Ulipoyafukia, vijiumbe hivyo vilianza kuyala mara moja, na kwa kuwa naitrojeni ya ndani ya maranda haikuvitosha, vilichukua ile iliyokuwa kwenye udongo na kuinyima mizizi ya spinachi. Bila shaka uliona njano ikianzia kwenye majani ya chini. Mmea unaopungukiwa na naitrojeni huiondoa kwenye majani makuukuu na kuipeleka kwenye machipukizi, na ndiyo maana majani ya chini hutangulia kufifia.

Naitrojeni hiyo haijapotea, kwani itarudi kidogo kidogo kadiri maranda yanavyomalizika kuoza na vijiumbe vyenyewe vinavyokufa, ingawa jambo hilo linaweza kuchukua msimu mzima au zaidi. Usihangaike kuyachambua na kuyatoa. Panda kunde au maharage mahali hapo, kwa kuwa mimea ya jamii ya mikunde hushirikiana na bakteria wa kundi la Rhizobium, ambao hukaa kwenye vivimbe vya mizizi na kuinasa naitrojeni ya hewani. Mimea inapokaribia kutoa maua, ng'oa mmoja na upasue kivimbe kwa ukucha: ukikuta rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi, na ukikuta weupe au ukijani, hawafanyi. Hapa kuna uamuzi ambao wengi huupita bila kuufikiria. Ukiiacha mikunde hadi uvune punje, sehemu kubwa ya naitrojeni utaiondoa pamoja na punje hizo. Kwa kuwa udongo wako una njaa, ningekushauri ukate mimea mara inapoanza kutoa maua, uache mizizi ardhini, na uyalaze majani juu ya udongo.

Nyanya nazo hazikuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Kuoza kitako hutokea pale ncha ya tunda inapokosa kalsiamu wakati tunda bado linakua, na mara nyingi kalsiamu yenyewe imo kwenye udongo kwa kiasi cha kutosha. Madini hayo husafiri ndani ya mmea pamoja na maji, na maji mengi huvutwa na majani kwa sababu ndiyo yanayopoteza unyevu hewani, kwa hiyo tunda hupata kidogo, na ncha yake hupata kidogo zaidi. Udongo ukikauka siku nne kisha ukafurika siku ya tano, ncha ndiyo inayoathirika kwanza. Hakuna dawa ya ukungu itakayotibu hali hiyo, wala haitibiki kwa kumwaga maganda ya mayai shimoni, kwani maganda huchukua muda mrefu sana kuoza.

Kinachohitajika ni maji kwa mpangilio. Bustani ya mboga kwa kawaida huhitaji kama milimita 25 za maji kwa wiki, na kwa kuwa milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja, hesabu yake ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, ukipunguza kiasi kilichonyesha na ukiongeza wakati wa joto kali au kama udongo wako ni wa kichanga. Zigawe mara mbili au tatu kwa wiki badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni, kwa sababu maji machache ya kila siku huishia juu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Ingiza kidole hadi mwisho wake: kama bado kuna unyevu huko chini, subiri. Kisha funika udongo kwa matandazo ya majani makavu au nyasi zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 10, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina lisije likaoza. Matandazo hupunguza ukaukaji na magugu, na pia huzuia matone ya mvua kurusha udongo wenye vimelea vya ugonjwa wa bakajani kwenye majani ya chini ya nyanya. Maranda uliyobakiza unaweza kuyatumia hapa, juu ya udongo, mahali ambapo hayatainyang'anya mizizi chakula chake.

Kabichi nitazirudia baadaye, kwa kuwa kabla ya wadudu ningependa uwe na lundo la mboji.

Lundo hilo ndilo duka lako la mbolea, nami ningelianza hata kabla ya kuandaa tuta. Utaratibu unaofuatwa na wengi leo ulielezwa kwa umakini na Mwingereza Albert Howard, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika mji wa Indore nchini India kati ya mwaka 1924 na 1931, ambaye alijifunza mengi kutoka kwa wakulima wenyewe na kutoka kwa desturi za kale za Asia za kurudisha mabaki shambani. Mabaki ya mimea na samadi hupangwa kwa matabaka, hutiwa unyevu, hupata hewa, na hugeuzwa kwa nyakati maalumu. Msingi huo haujabadilika.

Tenga mita moja ya mraba kwenye kivuli na ulijenge lundo hadi kimo cha mita moja, kwa sababu lundo dogo kuliko hapo hupoteza joto lake haraka. Kwa ujazo, weka ndoo mbili au tatu za vitu vikavu, kama majani yaliyopukutika, mabua na vipande vya maboksi yasiyo na rangi, kwa kila ndoo moja ya vitu vibichi, kama maganda ya mboga na matunda, magugu yasiyo na mbegu au samadi. Nyama, mafuta ya kupikia, na kinyesi cha mbwa au paka visiingie kamwe. Shika konzi moja ya mchanganyiko na uikamue: ikitoa tone moja au mawili, unyevu unatosha, ikitiririka, maji yamezidi. Katika siku chache za mwanzo lundo lililopangwa vizuri hupanda hadi nyuzi 55 za Selsiasi au zaidi, joto ambalo huua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Joto likianza kushuka, ligeuze, yaliyokuwa nje yaingie ndani. Pua yako itakueleza mengine: harufu ya mayai viza maana yake hewa imekosekana na maji yamezidi, na harufu kali ya amonia maana yake vitu vibichi ni vingi mno, na tiba ya hali zote mbili ni kugeuza na kuongeza vikavu.

Lundo linalogeuzwa kila wiki moja au mbili linaweza kuwa tayari katika miezi 3 hadi 4, na lisilogeuzwa linaweza kuchukua mwaka. Utalitambua kwa rangi nyeusi, harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua, na kwamba huwezi tena kutofautisha ganda na jani. Mita moja ya ujazo hupungua hadi nusu au chini ya nusu, tuseme lita 400. Tabaka la sentimita 5 juu ya mita 4 za mraba linahitaji lita 200, yaani ndoo 10 za lita 20. Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya nikuombe usilime mita zote 12 msimu huu. Lundo moja linaweza kulisha mita 4 vizuri na kubakiza akiba, lakini likitandazwa kwenye mita 12 tabaka litakuwa la kama sentimita 3 tu, bila akiba yoyote.

Kuhusu samadi ambayo haijaoza niseme kwa msisitizo, kwa sababu afya ya watu wako imo ndani yake. Samadi mbichi inaweza kubeba bakteria wanaosababisha magonjwa ya tumbo, na ile ya kuku ina naitrojeni kali inayounguza mizizi ya miche. Kanuni za kilimo hai za Marekani huagiza kwamba samadi mbichi ifukiwe angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao ambayo sehemu yake ya kuliwa inagusa udongo, na siku 90 kwa mengineyo. Hata kama wewe hulimi kwa ajili ya cheti cha kilimo hai, huo ni mpaka mzuri wa kuuheshimu, na njia rahisi zaidi ni kuipitisha samadi yote kwenye lundo kwanza. Kuna hatari nyingine isiyofahamika sana. Baadhi ya viua magugu vinavyopuliziwa kwenye malisho, hasa vyenye aminopiralidi au klopiralidi, hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika na huweza kubaki na nguvu hata baada ya kuoza kwenye mboji. Nyanya na maharage yaliyokutana na mabaki hayo hujikunja majani na kuchipua kama yaliyosokotwa. Nimewahi kumtembelea mkulima wa nyumbani aliyepoteza msimu mzima kwa njia hiyo, akiamini kuwa ni virusi. Kabla ya kuitumia samadi usiyojua ilikotoka, ichanganye na udongo kwenye vyungu vitatu, panda maharage ndani yake, panda mengine kwenye udongo mtupu, na usubiri wiki tatu. Majani yakifunguka sawasawa pande zote mbili, endelea.

Mahali pa kuweka tuta hakuhitaji maneno mengi. Nyanya, pilipili na matango yanataka jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi, na mboga za majani huvumilia saa 4. Tuta liwe na upana usiozidi mita 1.2 ili uweze kufika katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga, kwani udongo uliokanyagwa hufunga vinyweleo vya hewa, na mizizi hukosa pumzi. Kwa eneo lako, tuta la mita 1.2 kwa 3.3 linakupa karibu mita 4 za mraba. Ukitaka kulizungushia mbao, epuka mbao kuukuu zilizowekwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kwa kuwa nyingi zilitiwa mchanganyiko wenye aseniki, ambayo ni sumu. Vilevile usilime mboga chini kabisa ya ukuta wa nyumba ya zamani uliobanduka rangi, kwa sababu rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na madini hayo yakishaingia kwenye udongo hayaozi wala hayaondoki. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ya udongo maabara kabla ya kupanda, na hapohapo waombe wapime pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo, ambayo kwa mboga nyingi inafaa kuwa kati ya 6 na 7. Usimwage majivu kwa mazoea kabla ya kupata jibu hilo, maana majivu hupandisha pH haraka.

Sasa kabichi. Vipepeo weupe na nondo wadogo hutaga mayai upande wa chini wa majani, na kwa wengine mayai hayo ni ya njano, yamepangwa pamoja, rahisi kuonekana na kusuguliwa kwa kidole. Ukipita mara mbili kwa wiki ukigeuza majani ya kabichi 10 au 15, kazi ya dakika chache, utakuwa umeondoa sehemu kubwa ya viwavi kabla hawajazaliwa. Kinga iliyo bora kuliko hiyo ni kufunika tuta kwa neti yenye matundu madogo siku ileile unapohamisha miche, kingo zake zikifukiwa udongoni. Ukiiweka baada ya wiki mbili utawafungia wadudu ndani pamoja na chakula chao.

Viwavi wakikushinda, kuna bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, aliyetambuliwa kwanza nchini Japani mwaka 1901, ambaye viuadudu vinavyotengenezwa kutokana naye vinakubalika katika kilimo hai. Kiwavi lazima aile dawa hiyo ndipo imdhuru, na mwanga wa jua huivunja katika siku chache, kwa hiyo pulizia jioni, chini ya majani, viwavi wakiwa wadogo. Mwarobaini nao una sifa inayostahili. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nchini Sudani kwamba nzige walivamia na kumaliza mimea mingine lakini wakaiacha miarobaini, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kazi ya azadiraktini, kemikali inayomkosesha mdudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua kwake ngozi. Haimwui papo hapo, na wengi huitupa siku ya pili wakisema haifai.

Lakini yote haya yawe ya mwisho. Kila ukipulizia kitu, hata kiwe cha asili, unawagusa pia wanaokusaidia. Vidukari wachache kwenye ncha za maharage ni chakula cha mbawakawa wadogo wenye madoa na cha mabuu wao, ambao hula mamia ya vidukari, na ukivimaliza vidukari vyote mapema, walinzi hao hawatakuwa na sababu ya kukaa. Acha mimea michache ya giligilani itoe maua pembeni, kwa sababu nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hula nekta ya maua madogo kama hayo. Nakuomba sana pia usikubali ushauri wa kuchemsha tumbaku na kuipulizia kwenye mboga. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku ni ya asili, nayo ni sumu kali kwa binadamu, kilimo hai hakiiruhusu, na tumbaku inaweza kuhamishia kwenye nyanya virusi vya batobato.

Kwa mbegu, angalia rangi. Mbegu zilizopakwa waridi, kijani au buluu kwa kawaida zimetiwa dawa ya kuzuia ukungu, na hazifai kwa nia yako. Mbegu chotara si haramu katika kilimo hai, ila ukizihifadhi na kuzipanda tena hazitazaa mmea uleule. Msimu huu chagua figili, ambayo huvunwa katika siku 25 hadi 30 na kukutia moyo, mboga mbili za majani, na miche miwili tu ya nyanya ambayo utaweza kuimwagilia bila kukosa.

Ukilianza lundo wiki hii na kupanda kunde penye maranda siku hiyohiyo, vyote viwili vitakutana vizuri. Kunde zitafikia maua na kukatwa kabla mboji haijaiva, na mboji ikiiva utaitandaza juu ya mabaki yao. Mita zilizobaki zifunike kwa maboksi na majani makavu mpaka lundo la pili. Ngoja wiki mbili, kisha panda spinachi mahali palepale iliposhindwa. Majani yake ya chini yakibaki ya kijani hadi wiki ya sita, unaweza kuongeza tuta jingine msimu unaofuata, na yakianza tena kuwa njano, ongeza sentimita mbili za mboji kuzunguka mashina, mwagilia, na uyape siku 10 kabla hujafikiria kununua ile mbolea ya maji.